Neno la Mapokezi

Bububu,
4 Julai 2024

Kwako Khairat,

Assalaam alaykum. Natumai uko salama, na shangazi yako Bi Borafya yuko salama, ingawa najua akiliona jina langu juu ya bahasha hii atataka kuitia motoni. Mwambie nampa shikamoo yake.

Simu yako nshaipiga mpaka naona aibu. Mara haipatikani, mara inaita na hupokei. Ndiyo nikanunua karatasi, mimi Ayoub fundi mafriji, ambaye barua ya mwisho kuandika ilikuwa ya mtihani wa skuli. Himid atakuletea, si kila siku anapeleka mboga hoteli za huko Bwejuu? Kanicheka mpaka kakaa chini.

Khairat, yale ya Mei yalinitoka tu. Ulimi hauna mfupa. Wewe na Mama mnajibizana, hakuna anayetaka kunyamaza, mimi natoka kazini na jua la kutwa kichwani, nikalisema nililolisema. Lakini nimesema mara moja, na moja ina marejeo, sote tunalijua hilo. Nyumba tangu uondoke imepooza. Mama anapika, anaweka chakula, anakwenda zake kulala. Nakula na kuangalia ukuta.

Sasa nisikilize. Kuna tamasha Mjini, kuanzia Ijumaa ya tarehe kumi na tisa mpaka Jumapili. Bure, hakuna kiingilio. Ngoma Forodhani, taarab Ngome Kongwe, beni na tarumbeta zake inazunguka vichochoroni. Unakumbuka mwaka ule tuliooana tulisema tutakwenda, tena tulale huko huko Mji Mkongwe kama watalii, tusirudi Bububu? Miaka minne tunasema mwakani. Bwana Rehmtulla, yule mwenye gesti ya Sokomuhogo niliyemtengenezea viyoyozi, anatupa chumba siku mbili bila ya senti. Njoo. Tuzungumze mbali na Mama na mbali na shangazi yako, mimi na wewe tu.

Nijibu basi, hata mstari mmoja.

Wako,
Ayoub


Bwejuu,
7 Julai 2024

Ayoub,

Waalaykum salaam. Bahasha haikutiwa motoni. Shangazi kaigeuza huku na huku, kainusa, kasema, "Mtu kanunua karatasi ya maua!" halafu kanipa. Marahaba yako anakuletea, shingo upande.

Simu sipokei kwa makusudi. Kwenye simu wewe ndiye fundi hasa. Unacheka, unaniita bibie, nikija kukata nishakubali jambo ambalo sijui nimelikubali saa ngapi. Kesho yake ukiulizwa: "Mie? Mie sikusema hivyo." Karatasi haikatai maneno yake. Basi ukinitaka, niandikie.

Na hilo la Mei usiliandike kama mvua iliyoanguka wenyewe hatupo. Mama yako aliniita mgumba mbele ya majirani waliokuja kununua barafu. Miaka minne ananambia ndani, nanyamaza. Siku ile kalitoa uwani. Nikamwambia, "Mama, mtoto hutoka kwa Mungu, hatoki kwa mkwe." Hilo ndilo tusi nililomtukana. Ukaingia, hukuuliza kuna nini, ukasema, "Khairat, nimekuacha, talaka moja," kisha ukauliza chakula kiko wapi. Ndiyo, Ayoub, uliuliza chakula. Nami nikakupakulia kabla ya kufunga nguo zangu. Mpaka leo nikikumbuka ule wali nataka kuupiga mkono wangu.

Tamasha nataka kuja. Sikufichi, nataka. Lakini nikwambie mapema tusije tukalaumiana. Mimi nimo edani. Maadamu eda haijesha mlango uko wazi, na ufunguo unao wewe: neno moja tu, "nimekurejea". Halitaki harusi, halitaki mahari, halitaki hata ruhusa yangu. Bila ya neno hilo kulala na wewe chumba kimoja haifai, na Shangazi ananambia hivyo tangu alfajiri, na sasa hivi naandika bado anaendelea huko uwani na kinu chake.

Basi ukiniita Mjini, njoo na neno lako. Na mimi nna langu la kukwambia. Nitakwambia baada ya lako, si kabla.

Khairat


Bububu,
10 Julai 2024

Bibie,

Alhamdulillahi, nilijua hutonitupa. Himid nimempa soda kwa furaha. Hilo neno lako lisiwe la kunikaanga tu, maana sauti yako nnaisikia hata kwenye karatasi.

Ijumaa baada ya sala nitakusubiri Darajani, pale kwa wauza matunda. Kuna baridi ya kipupwe siku hizi, chukua mtandio mzito.

Jambo moja muhimu usisahau. Cheti chetu cha ndoa ulikichukua wewe, kimo katika sanduku lako pamoja na karatasi zako za skuli. Kilete. Gesti za Mjini hazimpi mwenyeji chumba na mwanamke mpaka zione cheti, na Bwana Rehmtulla ni rafiki lakini sharti lake ni sharti. Tusije tukasimamishwa mlangoni kama wahuni.

Hayo mengine usiyatie wasiwasi. Yote tutasemeshana huko huko.

Ayoub


Bwejuu,
23 Julai 2024

Mume wangu,

Nimeandika hivyo, nimeweka kalamu, nimeitazama karatasi kitambo. Sikufuta.

Nimefika salama. Hata baibui sijavua Shangazi kashaniuliza, "Kakurejea?" Nikasema ndiyo. "Alisemaje?" Nikamweleza. Kwamba tumefika mapokezi, yule binti Kinjal kachukua cheti, kakisoma juu mpaka chini, kanitazama, kakutazama, kauliza, "Na huyu ni nani wako?" Nawe ukaniwekea mkono begani, ukasema mbele ya wote waliopanga foleni, "Huyu mke wangu."

Nikasema moyoni, hilo hapo, kalisema. Anaona haya kulitamka lile la kisheria, basi kalisema kwa namna yake, na cheti kiko mezani na watu wanasikia. Ni kwa neno hilo nilipanda zile ngazi nikaingia chumbani na wewe. Ungelikuwa hukulisema, wallahi ningelala kwenye kiti cha mapokezi.

Shangazi kasikiliza mpaka mwisho, kasema, "Hm." Unaijua hm yake.

Najua sikuwa mwenzi mzuri wa matembezi. Ule urojo ulioninunulia niliugusa nikauacha. Harufu ya pweza pale Forodhani ilinikimbiza mpaka ukutani, nikakuacha na sahani mbili mkononi. Taarab ndiyo kwanza inakolea, watu wanakwenda kuwatunza waimbaji, mimi nakwambia nataka kulala. Ukakunja uso. Nisamehe, sikuwa na hali, na sababu ilikuwepo. Ningekwambia. Jumamosi tulipokaa kwenye ngazi za Ngome Kongwe nilinyamaza makusudi, nikakupa nafasi uliseme tena, waziwazi, tuwe hatuna shaka. Ukatoa simu ukaanza kupiga picha ngoma.

Lakini Jumapili beni ilipotukuta kwenye kichochoro, ukanikamata mkono tusipotezane na hukuuachia hata watu walipokwisha kupita, hapo nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Umeniuliza nacheka nini, nikasema tarumbeta.

Basi nakuuliza, si kwa ugomvi. Pale mapokezi, ulinuia? Nijibu ndiyo, na unambie unakuja lini kunichukua. Mizigo nshaifunga.

Wako,
Khairat


Bububu,
30 Julai 2024

Khairat,

Salamu zako nimezipata. Nisamehe kuchelewa, kazi zimenikaba. Kuna hoteli viyoyozi vyao vimegoma vyote kwa pamoja, na Mama mguu unamsumbua, kila jioni naukanda mafuta.

Tamasha lilikuwa zuri, si haba. Picha zangu za ngoma zimetoka vizuri sana, watu kazini wananiuliza nilitumia simu gani.

Hilo swali lako, wewe nawe na maswali ya mahakamani! Mambo ya watu wawili hayaendi kwa kuulizana kama polisi. Tutazungumza tukionana. Mizigo ngoja kwanza, usiichukulie haraka.

Msalimie Shangazi.

Ayoub


Bwejuu,
3 Agosti 2024

Ayoub,

"Mizigo ngoja kwanza." Haya. Nimeifungua, nimetoa kanga ya kuvaa, nimeifunga tena.

Nimekwenda kwa Maalim Msabah, aliyenisomesha chuo cha Kurani. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa kuzunguka, nikasema kuna mwanamke mmoja, nami uso umenishuka, anajua ndiye mimi. Kanambia neno kama lile halisimami peke yake, linasimama na nia ya aliyelisema. Kama alikusudia kumrejea, yule ni mkewe tangu dakika ile ile. "Na kama alikusudia chumba?" nikamuuliza. Kainama kaanza kutafuta miwani, na miwani anayo usoni. Nimemuonea huruma mzee wa watu, kaona haya ambayo si yake.

Sasa mimi siwezi kukaa hivi. Asubuhi naamka mke, adhuhuri naamka mtalaka. Kama ulinuia, nilikuwa chumbani na mume wangu na namshukuru Mungu. Kama hukunuia, nambie nilikuwa na nani.

Sikuombi uje wala sikuombi unipigie. Andika, kwa mkono wako: nilinuia, au sikunuia. La tatu hakuna.

Khairat


Bububu,
11 Agosti 2024

Khairat,

Umetaka wazi, basi wazi. Sikunuia. Nilisema vile kwa ajili ya chumba. Yule binti ananikodolea macho, watu nyuma wananisukuma na mabegi, ungetaka niseme nini? "Huyu mtalaka wangu"?

Usidhani nilikuita kwa ubaya. Nilitoka Bububu na neno mdomoni, Mungu shahidi. Nilisema nitazame kwanza kama bado tuko. Nikatazama, nikaona hatuko. Nakununulia urojo, unausukuma kama dawa. Unakwenda ukutani kunipa mgongo watu wanatuona. Taarab, wewe mwenyewe ndiye unayeipenda, mimi nimekwenda kwa ajili yako, unasema unataka kulala saa mbili za usiku. Pale kwenye ngazi nimengoja useme japo neno moja la kunipa moyo, umekaa kimya, umekaza uso. Mwanamke anayemtaka mumewe hafanyi hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama. Kila nilipofungua mdomo nilikuta wako umefungwa.

Na hili nikwambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa watu. Mama kazungumza na watu wa Mahonda, kuna msichana anaitwa Wanu. Mama keshakuwa mtu mzima, anataka kumpakata mjukuu kabla hajaondoka duniani, na mimi sitaki kumlaumu yeyote kwa lisilojaaliwa. Eda yako iko ukingoni. Ikisha, kila mmoja ashike njia yake kwa heshima. Vitu vyako nitampa Himid.

Nisamehe kwa yote.

Ayoub


Bwejuu,
14 Agosti 2024

Ayoub,

Barua imefika. Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Wewe umenambia, tena kwa maandishi. Ahsante.

Cherehani mpe Himid, na lile sufuria kubwa la marehemu mama yangu. Kitanda kiache, kitamfaa mwenzangu.

Nimelifikiria sana lile tamasha. Ngoma ya bure, taarab ya bure, chumba cha bure. Na mimi pia wa bure. Hukupata hasara hata kidogo, umefanya matembezi mazuri.

Nimelia, nakwambia ili ujue, maana sitaki ujisemee huko kwamba nimelichukulia vizuri. Nimelia kwa sauti mpaka Shangazi kafunga madirisha.

Na lile neno langu, usijisumbue nalo. Nilikuandikia kabla ya safari kuwa nna neno. Tumekaa pamoja tangu Ijumaa mpaka Jumapili, tumekula, tumetembea, tumelala, tumeamka. Hukuniuliza hata mara moja, "Khairat, neno gani?"

Usiniandikie.

Khairat


Bububu,
12 Disemba 2024

Khairat,

Assalaam alaykum. Ulinikataza kuandika, nami nimejikataza miezi yote hii. Leo nimeshindwa.

Watu wa Mahonda wamerudisha posa. Yule msichana kasema haendi kwenye nyumba yenye mama mkwe, akaombwe mwengine. Wewe utacheka, na una haki. Himid nikimuuliza habari zako ananijibu "yupo" halafu anaanza kuhesabu vikapu vyake vya mboga. Himid hajapata kuwa mchache wa maneno namna hii.

Hata Mama juzi kaonja mchuzi wake mwenyewe, kaweka kijiko, kasema, "Mkono wa Khairat ulikuwa mwengine." Kalisema kwa chati, lakini kalisema. Mimi nikatoka nje.

Nilikosea, Khairat. Nilitazama usoni mwako nikaona hasira tu, na labda nilikuwa naitafuta. Laiti ningepata siku moja tu ya eda, moja, ningekuja Bwejuu nikasimama barazani kwenu nikakurejea kwa sauti mpaka watu wa Paje wasikie. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na siku zenyewe tumeziacha zimepita.

Nilikuwa nafikiri kuleta posa upya, na mahari upya, kama watu wanaoanza. Si sasa hivi. Nimweke Mama sawa kwanza, mambo ya kazi yatulie. Tungoje mwakani, tamasha likija tena, tuone. Unasemaje?

Wako wa zamani,
Ayoub


Bububu,
27 Januari 2025

Khairat,

Disemba hukunijibu, nikasema sawa, ana hasira. Leo asubuhi Himid kanifuata kazini, kaniita pembeni, kanambia umejifungua. Mtoto wa kike. Anasema kakuona na tumbo tangu Septemba na ulimwapisha kwa msahafu asinene mpaka ujifungue salama.

Khairat, umenifanyia nini? Mtoto wangu! Umetembea na mwanangu tumboni nikiwa pembeni yako Forodhani na hukufungua mdomo? Kumficha mume jambo hilo ni haramu, nawe umesoma kuliko mimi. Mama kalia. Miaka yote anaomba mjukuu, kumbe yupo, na yeye hajui hata kumtayarishia nepi.

Sasa sikiliza vizuri. Nimekaa nimekumbuka jambo lile sawasawa. Pale mapokezi nilinuia. Ile barua ya Agosti niliandika na hasira, na maneno ya Mama yakiwa masikioni. Moyoni mwangu, nilipokushika bega nikasema mke wangu, nilinuia, na nia anaijua mwenye moyo wake. Kwa hivyo wewe ni mke wangu tangu Julai, eda haikuwepo tena, na mtoto kazaliwa ndani ya ndoa yetu. Jumapili nakuja na gari kukuchukueni. Mama keshaagiza rangi ya chumba.

Mumeo,
Ayoub


Bwejuu,
30 Januari 2025

Ayoub,

Waalaykum salaam. Jumapili usije na gari. Gari la kumchukua nani?

Ndiyo, nilificha. Nilitoka kwako Mei nikiwa na mimba na mwenyewe sijijui, nikajijua Juni. Shangazi kila siku alinipigia kelele, "Mficha uchi hazai," na Maalim Msabah alinambia ulilonambia wewe, kuwa ni dhambi. Dhambi hiyo nimeibeba na toba naiomba kwa Mola wangu. Kwako siiombi. Nilitaka unirejee mimi, Ayoub. Ningekwambia nna mimba ungelisema neno lile mbio mbio, na Mama yako angelikuja nalo mpaka Bwejuu, na maisha yangu yote ningekuwa kapu lililomletea mjukuu. Nikasema ngoja aniambie kwanza kuwa ananitaka. Akishasema nimpe langu, turuke pamoja. Hilo ndilo tamasha nililolijia mimi.

Pweza sikumkimbia kwa sababu yako. Nilitapika nyuma ya ukuta wa bustani. Kuna mama mmoja nisiyemjua, ana watoto watatu wamemng'ang'ania, kanimwagia maji mikononi, kanitazama mara moja tu, kanambia, "Hongera, mwanangu." Yule hakunijua hata jina. Wewe uliyekuwa na sahani mbili uliona nakunja uso. Ukachukua kutapika kwangu ukakufanya ndiyo sababu ya kuniacha.

Sasa hili litakuuma, na nataka likuume. Eda ya mwenye mimba si miezi mitatu. Eda yake ni mpaka azae. Ule mlango ulioniandikia Agosti kuwa unafungwa ulikuwa wazi Septemba na wazi Novemba. Barua yako ya Disemba, ya kuomba siku moja tu, niliisoma nimelala ubavu, miguu imevimba na mwanao anapiga teke. Ulikuwa na mwezi na zaidi mbele yako. Ungeliandika "nimekurejea", hata kwa kudhani halina kazi tena, hata kwa ujinga, ningekuwa mkeo nitake nisitake. Na nikwambie jambo ambalo nilitaka kulinyamazia: nililitafuta. Niliisoma ile barua nikaigeuza nyuma, nikairudia tena, nililitafuta neno lile. Nikakuta "tungoje mwakani".

Hapo ndipo nilipokuacha na mimi.

Leo unasema ulinuia. Barua yako ya Agosti ninayo, mwandiko wako, na maneno yako "Sikunuia. Nilisema vile kwa ajili ya chumba." Maalim kaisoma, kaivulia miwani, karudia kuisoma. Kasema anayeeleza nia yake kwa mkono wake hawezi kuja kuibadilisha kwa sababu kapata mtoto. Unakumbuka nilivyokataa simu? Nilikuwa nakujua.

Mtoto ni wako. Ana jina lako, Salha binti Ayoub, na haki zake kwako zitadaiwa zote. Kazaliwa Jumanne ya wiki iliyopita, na alipolia tu eda yangu ikaisha. Masikio na kidevu ni vya Mama yako, mtihani huo nimepewa. Ukitaka kumuona njoo mchana, Shangazi akiwepo. Ubishe hodi, ungoje ukaribishwe, kama wageni wengine. Na Mama yako akija aje, simkatazi, ila lile neno la uwani aliache Bububu.

La mwisho nakwambia mwenyewe, lisije likakufikia kwa Himid ukalichukua ukaliwekea matumaini. Siku nilipofikishwa spitali wodi imejaa, wanawake wamelala wawili wawili na wengine wako chini kwenye mikeka. Muuguzi kashika kalamu, hataki kuniandika mpaka ajue, "Mume wako nani?" Uchungu umenikamata, nimeshikilia meza. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia, "Mume wangu Ayoub Mcha, wa Bububu."

Nilitaka kitanda tu, Ayoub. Sikunuia.

Khairat